Waliniita Hodi

Kaeni karibu, wanangu, mfunge na dirisha hilo, maana sauti yangu ya leo haiwezi kushindana na magari ya barabarani. Jana niliwasikia jikoni mkinong'ona mkidhani nimelala. Mgonjwa hufumba macho, masikio hayafumbiki. Wewe mkubwa ulimwambia mdogo wako, "Mama yuko kitandani, wewe unafungasha sanduku. Huna haya?" Na asubuhi nikaona sanduku la kitinda mimba wangu limerudishwa juu ya kabati. Basi nasema mbele yenu nyote watatu, ili nikishafumba macho pasiwe na wa kusema hakusikia.

Mimi nilifika nchi hii peke yangu, nina umri kama wa huyu kitinda mimba, sijui hata neno la kuombea maji. Nikapata kazi ya kupiga pasi mashuka ya hoteli, na chumba cha juu kwa mjane mmoja aliyenionyesha kwa mikono kwamba baridi ikizidi nishuke kwake anipe blanketi. Jioni nikashuka, nikasimama mlangoni pake kama nilivyolelewa, nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, nikapiga ya tatu. Mwanga wa taa nauona chini ya mlango, redio naisikia, mtu haitikii. Nikajua sitakiwi, maana hodi tatu zisipoitikiwa muungwana hurudi alikotoka. Nikalala na koti. Jioni iliyofuata vivyo hivyo, na iliyofuata tena. Kumbe huku mlango hugongwa tu, mdomo haumo. Yule mama alikuwa akinisikia, akadhani natamka jina langu, kwamba ni msichana mpole ajaye kujitambulisha kila jioni kisha akakimbia. Siku moja akafungua ghafla, akanishika bega, akasema kwa furaha, "Hodi." Nami kwa mazoea nikaitika, "Karibu." Mgeni nikamkaribisha mwenye nyumba nyumbani kwake, na usiku huo nikalala na blanketi lake.

Tangu hapo mtaa mzima ukaniita Hodi, kuanzia mwoka mikate wa chini hadi baba yenu, Mungu amrehemu, aliyenichumbia kwa jina hilo, na nyinyi shuleni mkaitwa watoto wa Hodi. Jina alilonipa mama yangu nikawa nalisikia kwenye simu tu, mpaka simu zile nazo zikakoma. Lakini nikikumbuka mvuke wa yale mashuka, harufu ya mkate ikipanda ngazi alfajiri, na mjane akinifundisha kuhesabu kwa vifungo vya blauzi yake, moyo wangu hukimbilia kule kama mtoto aendaye kwa bibi yake.

Sasa shikeni. Duka letu la dobi ni la mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyesimama nalo, ila pasi yangu ile nzito asiiuze. Nyumba hii ni ya wa pili, na chumba cha nyuma kisikose kitanda kilichotandikwa. Blanketi la mjane ni la kitinda mimba, aende nalo. Ndiyo, aende. Sitaki kuzikwa juu ya safari ya mtu. Mkubwa, usimwite mtoro. Mguu ulionileta mimi huku ndio aliourithi yeye. Literemshe sanduku hilo kwa mikono yako, nikuone.

Nawe, mwanangu, huko uendako ukipiga hodi wasiitike, usiwe mwepesi wa kurudi kama mimi. Huenda hawakuchukii, hawajui neno tu. Gonga.

Nipeni maji... basi, yatosha. Mungu awafungulie kila mlango mtakaosimama mbele yake, na asiwaache nje na baridi. Sasa, binti yangu, usiniage, kwaheri siipendi. Toka na sanduku lako, urudishie mlango, kisha simama pale nje unipigie hodi, nikuitikie maadamu sauti ipo. Hiyo ndiyo baraka yangu, uende nayo... Sogea, mkubwa, usizibe mlango... Nyamazeni kidogo.

Nimesikia. Karibu, mwanangu. Karibu...