Kamba ya Fahali wa Malinya: Kumuaga Mama Mildred Khaemba

Baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi katika Kituo cha Ushauri Nasaha cha Sikio, mtaani Amalemba, Kakamega, Bi. Mildred Khaemba anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Wasomaji wa jarida hili watakumbuka kwamba alistaafu pia mwezi wa Machi, na kwamba mwezi wa Julai alistaafu tena, kwa hotuba na keki. Mara zote mbili aliwashukuru waliohudhuria, akala keki, na Jumatatu iliyofuata akafika kazini kama kawaida. Safari hii tuna sababu ya kuamini kwamba anaondoka kweli. Sababu hiyo inahusu fahali.

Mama Mildred, kama anavyoitwa na kila mtu kituoni akiwemo Mkurugenzi, alizaliwa Lugari katika familia ya wakulima wa mahindi. Alikuwa mlezi wa bweni katika shule ya wasichana upande wa Butere kabla ya kusomea ushauri nasaha kwa masomo ya jioni. Alijiunga na Sikio wakati kituo kilikuwa chumba kimoja cha kukodi chenye viti viwili na jiko la makaa. Leo tuna vyumba vinne, viti vya kutosha, na jiko lile lile.

Tusiipitie kazi hiyo ya kusikiliza watu haraka haraka, kana kwamba ni jambo la kawaida. Ni nani aliyepitisha sheria kwamba mwenye nacho akihuzunika ana msongo wa mawazo, na asiye nacho akihuzunika ni mvivu? Ni nani aliyeamua kwamba kusikilizwa ni huduma ya watu wenye bima, na kwamba mama muuza dagaa wa omena na mkata miwa wamalizane na majonzi yao wakiwa wima, kazini, bila kusumbua mtu? Kituo hiki kilianzishwa kupinga dhuluma hiyo. Anayeingia hapa hutoa alichonacho, na asiye na kitu huingia vilevile. Wapo waliotoa ndizi. Yupo aliyetoa jogoo, ambaye aliishi nasi kwa muda mrefu na kuwika katikati ya mazungumzo mazito, hadi Mama Mildred alipomhamishia kwenye sufuria.

Silaha yake katika mapambano hayo ilikuwa kiti. Mtu mzima wa Kakamega, hasa mwanamume, haji kusema kwamba ana shida. Huja kusema kwamba jirani yake ana shida. Washauri wengine hutabasamu na kumrudisha mzungumzaji kwenye habari zake mwenyewe. Mama Mildred hakufanya hivyo hata siku moja. Alivuta kiti cha tatu, akakiweka kati yao wawili, na kuuliza habari za jirani huyo kwa makini: anakula? Analala? Anaongea na mkewe? Kwa miaka mingi taarifa zetu za mwaka zilionyesha kwamba watu wanaoteseka zaidi katika kaunti hii ni majirani. Mkurugenzi wetu, Bw. Kibiwott, alilazimika kuwaeleza wafadhili maana yake.

Kwa sababu iyo hiyo alilipinga bango. Kamati ya wanafunzi wa kujitolea, kwa nia njema na kwa sauti kubwa, iliwahi kuchanga na kuchora bango lenye maandishi mekundu yanayosomeka kutoka barabarani: UNA UCHUNGU MOYONI? INGIA HAPA. Mama Mildred alilisifu, akawapa wachoraji chai, akaomba lisimikwe likitazama shamba la mboga za mrenda nyuma ya jikoni. Lipo hapo hadi leo. Wanaume wameendelea kupita langoni bila kuaibishwa, na mrenda umestawi.

Sasa tufike kwa Lazarus, mfugaji wa fahali wa kupiganishwa kutoka Malinya. Yeye mwenyewe ameturuhusu kusimulia habari hizi na kutaja jina lake. Jina la fahali amelikataza, kwa kuwa fahali bado yumo mashindanoni.

Lazarus alifika kituoni miaka minane iliyopita akiwa amevaa koti la kanisani. Alikataa kuketi kwanza.

“Mama, mimi sina shida,” alisema. “Ni ng'ombe. Huyo fahali halalangi. Anaangalianga tu mlango.”

Mama Mildred, ambaye anaogopa ng'ombe tangu utotoni, alivuta kiti cha tatu.

Kwa wiki kadhaa walizungumza habari za fahali huyo. Ikajulikana kwamba alikuwa wa ndugu wawili, Lazarus na mdogo wake, na kwamba huyo mdogo ndiye aliyekuwa akimtangulia kwa nyimbo na filimbi kila walipokwenda uwanjani. Mdogo huyo alifunikwa na udongo katika shimo la dhahabu. Ikajulikana pia kwamba siku ya mazishi fahali aliletwa kumuaga, ilivyo desturi kwao mfugaji anapofariki. Zaidi ya hapo Lazarus hakufika; kila mara alirudia habari za malisho.

Kisha likatokea kosa ambalo lingeweza kutokea hapa kwetu tu. Bi. Awinja, mpokezi wetu mpendwa, alikuwa akisikia kupitia ukuta kwamba kuna fahali Malinya asiyelala. Kwa huruma, na bila kumwambia mtu, alimpigia simu shemeji yake Kipngetich, daktari wa mifugo anayeishi Bukura. Kipngetich alipanda pikipiki hadi nyumbani kwa Lazarus, akampima fahali kuanzia pembe hadi kwato, na kutoa matokeo mbele ya majirani waliokuwa wamekusanyika.

“Huyu ni mzima kuliko mimi,” alisema. “Analala, anakula, ananenepa. Nani alisema ni mgonjwa?”

Majirani walicheka. Mmoja wao aliuliza kama daktari anaweza kumpima na mwenye fahali, maadamu sindano ipo.

Lazarus hakurudi kituoni wiki hiyo, wala iliyofuata, wala mwezi uliofuata. Aliacha kwenda kanisani. Mkewe alituma ujumbe kwamba mumewe sasa halali kabisa, na kwamba ameanza kukaa kwenye ukingo wa lile shimo. Utani ulikuwa umekwisha. Ofisini Bw. Kibiwott alikumbusha kwamba mwongozo wa taaluma unamtaka mshauri kumngoja mteja, si kumfuata. Mama Mildred alikubaliana na mwongozo huo, akachukua mwavuli, akaenda Malinya.

Alimkuta Lazarus nje ya boma, ameshika kamba ya fahali, hamtazami mtu.

“Daktari amesema ni mzima,” Lazarus alimwambia. “Basi uongo ni wangu. Rudi tu, Mama.”

“Daktari alipima tumbo,” alijibu Mama Mildred. “Mimi nimekuja kwa lile lingine. Siku ya mazishi, kamba ilishikwa na nani?”

“Mimi.”

“Na ulilia?”

Lazarus alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu. Anayeshika kamba halii, alieleza. Akitetemeka yeye, fahali naye ataruka, na kutakuwa na maafa mengine juu ya yale yaliyopo. Watu wote walilia siku hiyo. Mmoja tu ndiye asiyeweza.

“Nani alikupokea hiyo kamba baadaye?”

Hakuna aliyempokea.

“Haya, nipe,” alisema Mama Mildred.

Alimpa. Lazarus alikaa chini, kwenye majani yenye umande, na akamlilia mdogo wake kwa sauti iliyoleta wale majirani tena, na safari hii hawakucheka. Fahali, ambaye hakuwa na habari zozote za ushauri nasaha, alimburuta Mama Mildred hadi kwenye migomba. Mama hakuiachilia kamba. Kiatu chake cha kushoto hakijapatikana mpaka leo. Bodi ilimwandikia barua ya kumkumbusha kwamba huduma zetu hutolewa ofisini, na katika aya ya pili ikampongeza.

Tangu siku hiyo wanaume wa Malinya na Ikolomani nzima huja. Huja mmoja mmoja, kila mmoja na fahali wake wa maneno. Mmoja alikuja na mbuzi na akapokelewa kwa heshima zote. Lazarus mwenyewe ameendelea kuja Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, na mara nyingi ndiye anayewaleta wengine hadi langoni, akisema kwamba kuna mama fulani humo anayejua mambo ya mifugo.

Hapo ndipo penye maelezo ya ile Machi na ile Julai. Mama Mildred hakuogopa kustaafu. Alihofia kwamba akiondoka yeye, Lazarus ataondoka, na nyuma yake wote wale watarudi kukaa kimya majumbani mwao. Mrithi wake, Bi. Nekesa, ni kijana mwenye shahada mbili. Mwezi wa Machi Lazarus alielezwa kwamba sasa atahudumiwa na Nekesa. Alimsalimia vizuri, akasema yeye alishapona, akaenda zake. Julai alisema hivyo hivyo. Na mara zote mbili Mama Mildred alirudi kazini Jumatatu, bila kueleza, akavaa aproni na kuwasha jiko.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu alikuwa jikoni akipika chai. Lazarus aliingia langoni, akiwa amevaa lile koti. Aliupita mlango wa Mama Mildred. Alisimama kidogo mbele ya mlango wa Nekesa, kisha akaingia, na kwa kuwa yeye huzungumza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, jiko zima lilisikia.

“Binti yangu, mimi sina shida,” alisema. “Ni fahali. Amesikia kuna mtu anaondoka hapa. Tangu hiyo siku halalangi.”

Kisha tukasikia kiti cha tatu kikivutwa sakafuni.

“Pole yake,” alisema Nekesa. “Na akikosa usingizi, anaangalianga wapi?”

Mama Mildred alimimina chai vikombe viwili, akampa Awinja avipeleke. Alifunika sufuria. Alivua aproni, akaitundika kwenye msumari wake, akachukua mkoba na mwavuli, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili akaenda nyumbani kabla ya saa za kazi kwisha.

Mama Mildred, kwa niaba ya wafanyakazi, bodi, wanafunzi wa kujitolea na majirani wote waliowahi kukalia kiti chako, tunakushukuru. Mahindi ya Lugari yakupokee, na siku zako zijae usingizi mtamu. Hii kamba tupe. Tumeishika.