Chuma Ndani ya Pilau

FARAJI: Haloo? Haloo? Nani mwenzangu?

HAMISA: Hamisa wa Korogwe, mwimbaji wa bendi yetu ile. Umenifuta kwenye simu?

FARAJI: Aa, dada! Nipo stendi Mkata, makelele ya mabasi— Salama huko?

HAMISA: Salama. Jana tumemzika Bonaventura, Lutindi. Mpiga gitaa mwenzio huyo, na hukuonekana.

FARAJI: Nilikuwa na... mahindi. Ya kupukuchua.

HAMISA: Mahindi! Haya.

FARAJI: Watu walikuja?

HAMISA: Kilima kilijaa. Nikaambiwa niseme neno, nikawasimulia ile harusi ya Kwamsisi.

FARAJI: Weee! Mbele ya padri?

HAMISA: Padri ndiye aliyecheka kuliko wote. Bona kalaza gitaa mapajani, kile chuma chake cha kutelezea kwenye nyuzi hakionekani. Akanyakua kisu cha keki, akapiga nacho mpaka alasiri! Maharusi wamekaa, keki inawatazama—

FARAJI: Na mjomba wa bwana harusi akaking'ata chuma kwenye pilau! Akadhani mfupa! [anacheka]

HAMISA: Jino likang'oka.

FARAJI: Lilikuwa bovu lile, tusisingizi—

HAMISA: Faraji. Kile chuma kilifikaje kwenye sufuria?

[mtandao unakwaruza]

FARAJI: Haloo? Unakatika, dada—

HAMISA: Sikatiki.

FARAJI: ...Walikuwa wanamtuza yeye tu. Gitaa langu kama halipo. Nikakidumbukiza. Miaka ishirini na mbili sijaweza kumtazama usoni.

HAMISA: Alijua.

FARAJI: Nani?

HAMISA: Bona! Alikuona siku ileile. Alipozidiwa akaniambia, "Usimwambie mpaka nizikwe. Mwache ahangaike kidogo." Anacheka, na kifua chenyewe hakina pumzi.

FARAJI: Jamani! Miaka yote hiyo mimi namkwepa kwa njia ya—

HAMISA: Na gitaa kakuachia wewe. Analo mkewe, Grasiana.

FARAJI: Mimi? Lile la kulaza mapajani sijui kulipiga.

HAMISA: Ndivyo alivyosema. "Hajui hata kulishika. Mpeni, majirani zake wakome."

FARAJI: [anavuta kamasi]

HAMISA: Kaka? Unalia?

FARAJI: Vumbi la mabasi. Sikia, kesho asubuhi napanda huko. Mwambie Grasiana—

HAMISA: Salio linaisha! Njoo na sukari, matanga bado haya—

FARAJI: Haloo? Dada? ...Umeniweza, Bona.