Marehemu Hagop Terzian, Aliyelipwa Kuanguka

Baba Kasisi, wafiwa wenzangu, na nyinyi mliotoka Hollywood mkaingia kanisani na miwani ya jua usoni. Mimi ni Siranush, dada yake marehemu. Aliyekuja hapa kucheka akamalize kicheko chake nje, tutamsubiri. Marehemu aliniachia ombi moja tu kuhusu wasifu huu: jina la mtu fulani liwemo mwishoni, miongoni mwa ndugu zake. Nililikataa siku alipolitoa, na hata jana, mchapaji alipokuja kuchukua kurasa, bado nilikuwa nalikataa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1928 hapahapa Fresno, katika nyumba ya mbao nyuma ya mashamba ya zabibu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Krikor Terzian, fundi viatu, na marehemu Bi. Zaruhi. Utotoni hakuwahi kuvunja hata kikombe. Narudia, kwa faida ya waliokaa nyuma: hata kikombe. Mama alipotaka sinia ya glasi ipelekwe kwa wageni alimwita yeye, na mimi akaniambia, "Sira, wewe kaa hapo hapo, mikono yako ina kiherehere."

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapa mjini, akahitimu mwaka 1946 akiwa hodari wa mazoezi ya viungo. Mwaka 1949 alikwenda Los Angeles, akafundishwa kuanguka na mzee mmoja aliyestaafu sarakasi. Baba alipoulizwa na watu wa kanisani mwanawe anasomea nini, alijibu, "Uhandisi."

Kwa miaka mingi alianguka ngazini na kwenye farasi kwa niaba ya waigizaji wenye sura nzuri. Kisha, mwaka 1965, mwongozaji Leland Crouse akampa nafasi kubwa katika ile filamu ya mgeni anayeivuruga karamu ya tajiri. Jina la filamu silitaji. Mnalijua, na wengine mmekuja nalo kwenye beji vifuani, Mungu awasamehe. Humo kitambaa cha meza kinanasa kwenye mkanda wake, naye anatoka nacho hadi bustanini, samaki na mishumaa na sahani zote zikimfuata, huku akimwomba radhi kila anayempita. Dunia nzima ilicheka. Lakini kila glasi iliyoanguka pale ilianguka alipotaka yeye. Na kwa Crouse kulikuwa na sheria moja: mtu akianguka, hakuna kusogea wala kutoa sauti mpaka mwongozaji aseme "Kata!" Anayemkimbilia ameiharibu kazi ya mwenzake.

Baada ya hapo hakupewa tena kazi ya maana. Alipewa mialiko. Watu walimwita kwenye karamu zao, wakamwekea vyombo karibu na kiwiko, wakangoja. "Vipi Hagop, hujavunja kitu bado?" Kaka yangu alitabasamu, akashika glasi yake kwa mikono miwili. Mimi ningewamwagia.

Tarehe 8 Juni 1968 alifunga ndoa na Bi. Araxie Manoogian katika kanisa hili. Ukumbini, marafiki wa filamu waliisukuma meza ya keki hadi nyuma ya kiti cha bwana harusi. Araxie alisimama na shela yake. "Atakayeigusa tena hiyo meza," alisema, "pilau lote hili litaishia kichwani mwake." Keki ilikatwa salama. Walijaliwa watoto wawili, Nazeli na Berj.

Jumamosi tarehe 15 Septemba mwaka huu wa 1990, Crouse aliwaalika nyumbani kwake wote waliotengeneza filamu ile, kuadhimisha robo karne yake. Marehemu alikuwa amesimama kando ya meza ya chakula. Mshipa ulipasuka kichwani, akashika kitambaa, akaanguka na sahani zote. Na ukumbi mzima, watu wazima wenye akili zao, wakasimama kimya! Mpishi alipotaka kumkimbilia, Crouse alimzuia kwa mkono. "Mwache, mama," alimnong'oneza. "Bado anaendelea." Walikaa hivyo mpaka Araxie alipoingia kutoka bustanini akapiga yowe.

Daktari alisema muda ule uliopotea ulimgharimu sana. Upande wa kulia ulikufa, ulimi ukawa mzito. Crouse alipokuja hospitali nilimzibia mlango.

"Rudi ulikotoka."

"Sira," marehemu aliita kitandani, "mwache aingie."

Aliingia, akalia kama mtoto, akaondoka. Ndipo kaka yangu alipotoa ombi lake.

"Kaka, akili zimekuruka? Huyu ndiye aliyekuacha sakafuni!"

"Sikiliza. Miaka yote hii, nikijikwaa hata kidogo, watu hucheka. Wanadhani ndivyo nilivyo. Wale wa kwa Crouse hawakucheka, Sira. Walidhani nafanya kazi. Walinyamaza wasiniharibie."

"Heshima gani hiyo ya kumwacha mtu afe?"

"Mbona sijafa? Mwandike."

Alifariki Jumanne tarehe 6 Novemba, alfajiri, Araxie akiwa amemshika mkono. Hatukuwa tumemaliza kubishana, na sasa nimeachwa nabishana peke yangu, jambo linaloniudhi kuliko yote.

Marehemu ameacha mjane, Araxie. Watoto, Nazeli na Berj. Mjukuu mmoja, Talin. Na dada, mimi. Kwenye karatasi mlizoshika orodha inaishia hapo.

Ameacha pia ndugu, Leland Crouse, aliyejibanza safu ya mwisho karibu na mlango. Sijakusamehe, bwana, na usinitazame hivyo. Lakini wewe ulijua kwamba kaka yangu alikuwa fundi, na waliojua hivyo hawajazi benchi moja humu ndani. Njoo mbele ukae na familia. Araxie, msogezee nafasi.

Mungu aiangazie roho ya Hagop, na huko aliko apumzike kwa amani.