Nati za Gari Jekundu

Ndani ya basi, mama mmoja aliyepakata kapu hakuhitaji kutega sikio. Karani wa kiti cha mbele alikuwa akijigamba kwa sauti ya mnadani. Akitoka ofisini, alimwambia mshonaji aliyeketi naye, hununua magari chakavu, huyatengeneza uani na binti yake, kisha huyauza.

"Mke wangu kanipigia sasa hivi. Lile jekundu kaliuza mwenyewe! Mteja kapakia familia nzima, wameshika barabara kuu."

"Hongera, kaka. Kumbe nyumba nzima mafundi!"

"Mafundi hasa! Jana nimerudishia matairi, nati nikazibana kwa vidole, nikasema leo jioni nitazika..."

Akawakodolea macho mshonaji na mama wa nyuma.

"Hukuzikaza kwa spana?" mshonaji akauliza.

"Sikuzikaza."

"Na mkeo alijua?"

"Angejuaje, dada?"

"Mpigie huyo mteja, baba!" mama akafoka kutoka nyuma. "Unatukodolea macho sisi, tuna spana?"

Karani akaipiga namba ya mteja aliyotumiwa na mkewe. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita vilevile. Mteja, bila shaka, alikuwa dereva mwangalifu: akiwa kwenye usukani hapokei simu.

Basi likasimama kituoni. Hakuna aliyeteremka; wote walikuwa wakiisikiliza simu ya karani.