Faili Alilolikalia Breki

Benchi letu liko chini ya dirisha la maktaba ya Kitivo cha Ujenzi, hapa mjini Niš, Serbia, pembeni ya kibanda cha Kosara, anayechemsha kahawa kwa kibirika cha shaba na kumkumbuka kila mtu kwa sukari yake. Tunaokaa hapo ni wastaafu: Dragutin, karani wa zamani wa posta, tunayemwita Waziri; Sreten, aliyeendesha treni, tunayemwita Breki kwa sababu mdomo wake haujawahi kuwa nazo; na mimi, Momir. Mkutubi wa maktaba hiyo ni dada yangu Vidosava. Katika ukoo wetu ndiye wa kwanza kulipwa mshahara kwa kutunza vitabu, na sikutaka awe wa kwanza kufukuzwa kwa sababu ya vitabu. Asubuhi ile alitoka na faili nene la fotokopi, anywe kahawa kabla ya kulipeleka chumba cha kusomea. Hata hakuketi. Mkuu wa kitivo alimwita kwa sauti dirishani: familia ya marehemu Profesa Stanojlović, mwandishi wa kitabu cha mafuriko, imesikia kwamba maktaba inakitoa kopi. Vidosava aliniachia faili, akaingia ndani mbio.

— Kwisha habari yake, alisema Waziri. Kitabu kina wenyewe. Mwandishi akifa, haki inabaki kwa watoto.

— Hauzi, nikasema. Wanafunzi wanasomea humo humo ndani. Mtihani ni wiki ijayo, na kitabu kimebaki kimoja, kinapukutika.

— Jirani, sheria haifanyi mtihani. Tazama unene huo!

— Jalada mpaka jalada, alisema Breki. Kwani mji huu nani amewahi kutoa kopi nusu kitabu? Mimi cha injini nilikipeleka kopi asubuhi, jioni nikarudi na viwili.

Ni kweli. Sote tulisoma hivyo, hata marehemu baba. Ndiyo maana hakuna aliyefikiria kulifungua faili.

— Kila ukurasa unahesabiwa kosa moja, alisema Waziri. Halafu mchapishaji alifilisika, kwa hiyo kitabu sasa ni mali ya benki. Ya Vienna.

— Vienna wanataka mafuriko yetu ya nini? nikauliza.

— Wewe unadhani Danube inaanzia wapi?

— Na mashine yenyewe inakumbuka, alisema Breki. Ukiibonyeza tu, huko juu setilaiti imeshakuona. Momir, lete faili tulitupe kwenye mto Nišava.

— Kitabu cha mafuriko ukitupe mtoni, wewe mwanaume? alisema Kosara. Kitarudi chenyewe!

Nilicheka, lakini niliweka kikombe chini nikalishika faili kwa mikono miwili. Hapo akatokea mama mmoja mwenye koti la kijivu, akaomba kahawa isiyo na sukari. Kufumba na kufumbua, Breki akalivuta faili akalikalia.

— Mmemwona mkutubi? aliuliza yule mama. Naitwa Ljubica Stanojlović. Kitabu cha mafuriko ni cha baba yangu.

Waziri alianza kutazama ndege. Breki alitulia kama kuku aliyeatamia.

— Mzee, hicho unachokikalia ni kopi zenyewe?

— Ni mto wa kukalia, binti. Mgongo unaniuma.

— Sawa. Kwenye huo mto kuna sura ngapi za kitabu?

Tulikuwa tumeshafika Vienna na kwenye setilaiti, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

— Inuka, Breki, nikasema.

Nilifungua faili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la profesa. Ikafuata sura ya nne, kuhusu kingo za mito, mpaka mwisho wake. Kisha jina la profesa tena, na sura ya nne. Kisha sura ya nne. Unene wote ule ulikuwa sura moja, nakala moja kwa kila meza ya chumba cha kusomea.

— Sura moja tu, ya kufundishia, na jina lake mwanzoni, alisema Bi Ljubica. Hata sheria inaruhusu. Mimi niliambiwa mnakitoa kizima.

— Nani kakwambia? aliuliza Waziri.

— Watu wanaokaa benchi hili.

Waziri aligundua kwamba kamba ya kiatu chake imelegea.

Vidosava alitoka, akatuona na faili wazi, akasimama mlangoni.

— Mkutubi, alisema Bi Ljubica, mchoro huu mmeukata ukingoni. Baba angewafokea. Kesho nakuletea nakala yake ya nyumbani, utoe kopi upya, vizuri.

Dada yangu aliketi. Kosara aliinamisha kibirika. Halikutoka hata tone. Nikampa Vidosava kikombe changu kilichopoa, akakinywa chote mpaka machicha.