Hatua Ambayo Albina Hakuicheza

Wasikilizaji wapendwa, wekeni jembe chini kidogo, mketi nasi. Mwalimu Bernadi wa Mbinga hatunaye. Tumemzika Jumanne. Narudia kwa ndugu zetu wa kule ziwani, ambako sauti yetu hukatikakatika: Mwalimu Bernadi tumemzika Jumanne.

Ndiye aliyetuletea sataranji. Kete alizichonga mwenyewe kwa mti wa mbuni, na watu wakamcheka, mtu mzima kuchezea vijiti! Mwanafunzi wake hodari alikuwa Albina, binti wa kijiji cha Kihagara.

Mwaka 1996, wanunuzi binafsi wa kahawa walipofurika mjini, mmoja wao alidhamini mashindano. Meza zikapangwa ghalani. Mshindi angekwenda Dar es Salaam kuuchezea mkoa. Fainali ikawa Albina na Mwalimu wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo usinionee huruma."

Albina akasogeza askari wa malkia hatua mbili, kama alivyofundishwa. Mchezo ukakolea. Mara akaiona: malkia wake akishuka pembeni, mfalme wa Mwalimu hana pa kukimbilia. Akainua macho. Ghala zima, wakulima na watumishi wa serikali, lilikuwa likimtazama Mwalimu, mvi zake na jasho lake. Amwaibishe mzee wake mbele za watu? Kwetu mtoto hafanyi hivyo. Akasukuma askari wa ukingoni, hatua isiyo na maana. Akashindwa.

Mwalimu hakufurahi. Safari ya Dar es Salaam aliikataa, akasema ushindi si wake. Albina naye hakuidai nafasi hiyo, akapewa bwana shamba mmoja, mgeni wa mkoa.

Albina alikwenda kumwamkia kila Krismasi. Aliitikiwa, akapewa chai, ila ubao wa sataranji haukutolewa tena. Ikapita miaka mitatu, na jambo lile halikutajwa na yeyote kati yao.

Baada ya mazishi, mjane wa Mwalimu, Mama Getrude, alimkabidhi Albina karatasi iliyoandikwa hatua zote za mchezo ule. "Alikuwa akiisoma peke yake," anasema mama. Chini, kwa mkono wa Mwalimu, imeandikwa: "Albina aliiona. Nami nilikwisha andaa maneno ya kuwaambia watu: huyu nimemfundisha mimi."

Albina alilia sana. "Nilidhani namheshimu," alisema. "Kumbe nilimnyima."

Mama Getrude na watoto, poleni sana. Mbinga nzima inalia nanyi. Nanyi wasikilizaji wapendwa, wahenga walisema heshima si utumwa. Kama mwalimu wako yu hai, nenda kwake leo. Mwamkie, uketi, umshinde, naye akuone.