Mzee Siku Kumi na Nne na Pingamizi la Kumi na Tisa

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, dirisha la tatu la Idara ya Kodi ya Majengo litafungwa na mtu aliyeitumikia halmashauri hii kwa miaka thelathini na minne. Jumatatu litafunguliwa na mwingine, na huyo mwingine ni mimi. Kwa hiyo wasifu huu unaandikwa na mtu mwenye hofu, tena aliyelia mara mbili tangu asubuhi. Mnisamehe mkikuta mstari umepinda.

Alianza kama karani wa masijala, daraja la chini kabisa, akiwa na suruali moja ya kazi na mwandiko ambao hata wakuu wake waliuonea wivu. Miaka mitatu alipanga majalada ya viwanja. Kisha karani wa dirisha la tatu akaenda likizo ya uzazi, naye akaambiwa amshikie nafasi kwa mwezi mmoja. Mwezi huo ndio unakwisha Ijumaa.

Jina la Siku Kumi na Nne alipewa na watunza fedha. Kanuni zetu zinasema mwananchi akituandikia ajibiwe ndani ya siku kumi na nne. Sisi wengine tuliisoma kanuni hiyo siku ya usaili, tukaisahau siku ya kuajiriwa. Yeye aliishika. Ikifika siku ya kumi na tatu na kuna barua haijajibiwa, chakula cha mchana hakimshuki. Wapo mashahidi kwamba aliwahi kumwandikia mwenye gereji mmoja aliyetutukana ukurasa mzima: "Tumepokea matusi yako ya tarehe tano na tunayafanyia kazi." Mwenye gereji alikuja mwenyewe kuomba radhi, akalipa, na mpaka leo akipita anapiga honi.

Mtu wa namna hiyo karibu astaafu huku barua moja haijajibiwa kwa miaka tisa. Kwa ajili ya barua hiyo karibu akose nafuu ya kodi, ile ile aliyowapatia mamia ya watu, na huenda nyumba yake ingemtoka. Alinizungusha siku mbili kabla ya kuniruhusu niyaandike haya. Alisema niandike, ila nisitie chumvi. Sijatia.

Kwanza niwaeleze alivyofanya kazi, maana waliokaa upande wetu wa kioo tu hawakuona vizuri. Watu wengi huja dirishani na ankara ambazo hawajazifungua. Wanaziogopa. Wanazihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, juu ya kabati, mpaka zinakuwa furushi. Mzee hakuwahi kumkemea mtu kwa hilo. Alimwomba furushi, akafungua bahasha moja moja kwa rula ya chuma, akazipanga kwa tarehe, na kabla ya kutaja kiasi chochote akauliza nani analala katika nyumba hiyo. Swali hilo halimo kwenye fomu. Ila humo ndimo alimopata yote: mume aliyefariki na haijaandikwa, bibi anayelea wajukuu, fundi aliyevunjika mguu. Akishajua, alijua pia ni kifungu gani cha nafuu kinamhusu, na kama hakipo, alimwombea alipe kidogo kidogo.

Kuna mama mmoja, fundi cherehani, alikuja na bahasha kumi na moja, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Mzee akazifungua zote. Sita zilikuwa za kiwanja cha jirani yake. Mama wa watu alikuwa amekonda kwa deni lisilo lake! Alicheka hadi akakaa chini sakafuni, na foleni nzima ikacheka naye.

Sasa nije kwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mkewe. Alifundisha hesabu shule ya msingi, na kiwanja alikinunua yeye, kwa akiba yake, kwa hiyo nyumba iliandikwa jina lake. Maana yake kila mwaka, kwa miaka kumi na tisa, mzee wetu aliandaa ankara ya kodi ya mkewe na kuipeleka nyumbani kwake mwenyewe. Mwalimu alikuwa akisema kwamba katika ndoa yao yote mumewe hakuwahi kumwandikia barua ya mapenzi, ila kila mwaka alimwandikia ya madai. Basi naye akaamua kujibu. Kila mwaka aliandika pingamizi.

Hakuyatuma kwa posta. Alikuja nayo, akasimama foleni kama mtu yeyote, mkoba begani, na akifika dirishani akamwita mumewe "mheshimiwa karani." Mumewe akamwita "ndugu mwananchi," akagonga muhuri wa kupokea, bila kutabasamu hata kidogo. Sisi tuliacha kuhesabu fedha ili tutazame. Saa za kazi zikiisha waliondoka pamoja, mume amebeba mkoba. Nilibahatika kuliona hilo mara tatu, na nalikumbuka kuliko semina zote nilizopelekwa.

Sheria haimruhusu karani kuamua jambo la mkewe. Mthamini ndiye aliyeamua, na mzee aliandika majibu tu, ndani ya siku kumi na nne. Mwaka mmoja Mwalimu aliandika: "Chumba mnachokiita cha kulala ni ghala la magazeti ya karani mmoja wa ofisi yenu. Nashauri kodi yake adaiwe yeye." Akajibiwa: "Pingamizi lako limekataliwa. Magazeti yameondolewa." Mwaka uliofuata akaandika: "Magazeti yamerudi." Likakataliwa pia. Yapo mapingamizi kumi na nane ya aina hiyo, na majibu kumi na nane, na Mwalimu hakushinda hata moja.

La kumi na tisa alilileta akiwa mgonjwa. Hakuweza kusimama foleni, akakaa kwenye benchi. Siku hiyo mzee alitoka nje ya dirisha, akaipokea barua mkononi mwake, akarudi, akagonga muhuri. Siku ya kumi na moja Mwalimu akafariki.

Barua haikujibiwa. Tulimpa pole, tukamzika Mwalimu, tukarudi kazini, na hakuna aliyekumbuka jalada. Kila mwaka ankara iliendelea kutoka kwa jina la marehemu, na mzee aliendelea kuichukua, kuipeleka nyumbani na kuilipa yote. Wakati huohuo aliketi pale dirishani akiwabembeleza wajane wabadilishe jina ili wapate nafuu. Aliwaambia kubadilisha jina hakumfuti mtu. Waliamini, wakasaini.

Mimi niliyagundua haya mwezi uliopita, nilipopewa kazi ya kuhamishia majalada kwenye kompyuta. Jalada lenye pingamizi lisilojibiwa haliwezi kuhamishwa, wala jina la mwenye nyumba haliwezi kubadilishwa. Nikaorodhesha majalada ya namna hiyo. Lilikuwa moja tu. Nikasoma barua zote mpaka ya mwisho, nikaingia stoo nikalia. Hiyo ni nje ya zile mara mbili za leo.

Hali yake ilikuwa hivi. Mstaafu anayeishi katika nyumba yake hulipa nusu ya kodi, lakini ni lazima nyumba iwe na jina lake, na maombi yanafungwa mwisho wa mwezi huu. Akikosa, anasubiri uthamini ujao, miaka mitano. Kwa pensheni ya karani, kodi nzima kwa miaka mitano haibebeki. Mwanawe alikwisha kumwambia aipangishe nyumba na ahamie kwake, kwenye chumba cha wageni. Mzee alikuwa ameanza kukusanya maboksi.

Nilimfuata mezani kwake na jalada kwapani. Nilikuwa nimejipanga kumweleza kanuni, mimi, kwa mtu aliyenifundisha kanuni. Aliitazama ile barua bila kuigusa. Kisha akasema, "Mwanangu, nikimjibu, tumemalizana." Nikarudi kwenye kiti changu nikijifanya natafuta kalamu.

Namkumbuka sana Mwalimu dirishani pale, nasema wazi. Nilikuwa mgeni kazini, na kumwona akija na mkoba wake kulinifanya nidhani ofisi hii ni mahali pazuri pa kuzeekea. Kama mimi namkumbuka hivyo, sijui mume wake alijisikiaje akifungua dirisha kila asubuhi kwa miaka tisa.

Barua yenyewe ni fupi. Naiweka hapa kwa ruhusa yake: "Napinga uthamini wa mwaka huu. Nyumba hii mmeikadiria chini mno. Mmehesabu vyumba vinne, jiko, choo na baraza, mengine yote mmeyaacha. Naomba mthamini aje, ila asije na haraka. Akae barazani mpaka jioni, kisha ajumlishe upya."

Katika historia ya idara hakuna mwananchi mwingine aliyelalamika kwamba anatozwa kidogo. Fomu yake haipo. Nilimpelekea mthamini wetu, binti mwenye miaka miwili kazini ambaye hakuwahi kumjua Mwalimu. Aliisoma, akauliza kama ni lazima aende. Nikamwambia barua imeomba ukaguzi, na ukaguzi haujafanyika.

Jumatatu iliyopita alikwenda na futi yake ya kupimia. Mzee alimkaribisha chai. Binti alikaa barazani tangu saa nane mpaka jua likazama, na mzee akamsimulia: mahali Mwalimu alipokuwa akisahihisha madaftari, ukuta uliochorwa urefu wa watoto kwa penseli, dirisha alilopenda lisifungwe hata mvua ikinyesha. Futi haikutoka mfukoni. Asubuhi yake binti aliniletea taarifa yenye mstari mmoja na sahihi: mlalamikaji ana haki.

Nikaiweka mbele ya mzee. Ilikuwa saa nne, foleni imefika mlangoni. Akageuza kibao cha "Tafadhali Subiri," akachukua karatasi, akaandika kwa mkono ule mwandiko wake. Hakuna aliyenung'unika kwenye foleni, na msiniulize walijuaje. Alipomaliza alinisogezea muhuri niugonge mimi. Alikuwa ameandika hivi:

"Ndugu Mwalimu. Rejea barua yako. Nakuomba radhi kwa kuchelewa. Mthamini amekuja na amekaa kama ulivyotaka. Pingamizi lako limekubaliwa. Tulihesabu vyumba tu. Jalada hili sasa linafungwa. Karani, dirisha la tatu."

Kisha akazunguka, akatoka upande wa wananchi, akakaa kwenye benchi, akasubiri zamu yake. Alipofika dirishani, mimi nikiwa nimekalia kiti chake, alinipa fomu ya kubadilisha jina na fomu ya nafuu, zimejazwa bila kosa. Nilimuuliza nani analala katika nyumba hiyo, kama alivyonifundisha. Alisema ni yeye peke yake. Nikaandika.

Nafuu imepitishwa jana, na maboksi amewapa watu wa masijala. Mzee, kwa niaba ya idara nzima na ya wote waliotoka dirishani kwako wakiwa na nyumba zao, tunakushukuru. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na jioni ndefu barazani kwako. Mwakani ankara itakuja kwa jina lako, na nitakuwa nimeiandaa mimi. Ukiona tumekosea, usinyamaze. Andika, uilete mwenyewe. Nitakujibu.